Ukinyimwa Kazi Usinyamaze, Andika Barua

Kila Jumatatu asubuhi, kabla karani wetu hajafungua dirisha la afisi, benchi ya nje huwa imejaa. Wako wanaoleta ada zao, wako wanaoleta malalamiko ya mishahara, na siku hizi wako wengi wanaoleta neno ambalo halina karatasi. Neno lenyewe ni hili: "Niliitwa intavyu, nikaulizwa maswali, nikaambiwa nitapigiwa simu. Simu haikulia." Tukiwauliza walifanya nini baada ya hapo, karibu wote hujibu namna moja: "Nilingoja."

Leo twataka kusema juu ya kungoja huko. Maoni yetu ni kwamba mfanya kazi aliyeitwa na mwajiri, akaketi mbele yake na kujibu maswali yake, anastahili kuuliza matokeo na kuuliza sababu. Kuuliza si utovu wa adabu, wala si kuomba sadaka. Tena twasema kwamba jambo hili lisiachiwe mtu mmoja mmoja. Ni kazi ya chama.

Tutoe mfano wa ndugu mmoja, ambaye ametupa ruhusa tusimulie habari zake bila kutaja jina lake wala la kampuni. Ndugu huyu amekuwa kibarua katika stoo ya kiwanda kimoja kwa muda wa miaka minne. Hupakua malori, huhesabu magunia, huandika vitabu vya mali inayoingia na inayotoka, na karani wa stoo akienda likizo yeye ndiye hukabidhiwa ufunguo. Mwaka jana nafasi ya msaidizi wa karani wa stoo ilibandikwa ubaoni. Ilikuwa kazi ya kudumu, yenye mshahara wa mwezi. Ndugu yetu akaandika maombi, akaitwa.

Siku hiyo aliazima koti la shemeji yake, akafika mapema. Aliambiwa saa nne, akaingizwa saa nane. Walioketi mezani walikuwa watatu. Mmoja alikuwa akisoma simu yake. Wa pili alimwuliza kwao ni wapi na baba yake ni nani. Wa tatu alimwuliza maswali mawili ya kazi, kisha akaangalia saa. Yote yalikwisha kwa dakika kumi. "Asante, tutakupigia simu." Ndugu yetu alirudi stoo mchana ule ule, akavua koti, akavaa ovaroli, akaendelea kupakua lori.

Wiki ya tatu akaletwa mtu mgeni pale stoo. Na aliyeamriwa amfundishe mgeni huyo kazi ni ndugu yetu.

Alikuja afisini kwetu baada ya wiki saba. Tulimwuliza kwa nini hakuuliza mapema. Akasema, "Niliona haya. Tena unga wangu watoka pale pale. Nikiuliza, wataniondoa hata katika kibarua."

Ndugu, maneno hayo tumeyasikia mara nyingi, na hatuwezi kumcheka mtu anayeyasema. Njaa si jambo la mchezo. Lakini yafaa tuyapime.

Jambo la kwanza ni haya. Mtu akinyimwa kazi hujiona kama amepimwa akaonekana mwepesi. Hurudi nyumbani, mke au mume na watoto wanamtazama usoni, naye hataki hata kulitaja jambo hilo. Lakini mahojiano ya kazi si hukumu juu ya utu wa mtu. Ni watu watatu walioketi mezani, wengine wamechoka, wengine wana njaa, na huenda mmoja wao ana mpwa wake anayetafuta kazi. Waweza kushindwa kwa haki, waweza kushindwa kwa hila. Usipouliza hutajua ni lipi kati ya hayo mawili.

Jambo la pili ni hofu. Twaogopa kwamba tukiuliza tutaandikwa katika orodha ya wakorofi. Hapana shaka wako waajiri wa namna hiyo. Lakini fikiri vizuri. Barua fupi yenye adabu, inayouliza mtu apungukiwe nini ili ajirekebishe, si ukorofi hata kidogo. Mwajiri mwenye akili huiona kuwa alama ya mtu anayeitaka kazi. Na mwajiri anayekasirika kwa barua ya namna hiyo, je, angekutendea nini siku utakapougua au utakapodai ovataimu yako?

Jambo la tatu ni kukata tamaa. Watu husema, "Kazi zote zina wenyewe. Intavyu ni mchezo wa kuigiza tu." Hatutawadanganya kwamba si kweli popote. Wote twajua pahali ambapo jina lilikwisha kuandikwa kabla ya tangazo kubandikwa. Lakini anayefanya hila hupendelea kufanyia gizani, na kimya chetu ndicho giza lake. Watu ishirini waliohojiwa wakirudi nyumbani kimya, huyo amemaliza kazi yake salama. Watu ishirini wakiandika barua ishirini, hapana budi atafute majibu ishirini, na majibu hayo yatakaa katika faili.

Tukisema faili twakumbuka kipande. Wazee wetu wametuhadithia habari zake. Sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya vita vikuu vya kwanza. Mwanamume Mwafrika alilazimika kubeba karatasi yake katika kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Humo zilikuwamo alama za vidole vyake, habari za mwajiri wake na za mshahara wake. Mwajiri mpya aliisoma karatasi ile kabla ya kumwuliza mtu neno lolote, naye mwenyewe mara nyingi hakuweza kuyasoma yaliyoandikwa. Kipande kile kiliondolewa mwaka 1947, baada ya kupingwa kwa miaka mingi.

Leo hakuna kikebe shingoni. Lakini mtu akitoka katika chumba cha mahojiano, nyuma yake huachwa karatasi zenye alama na maneno, au huandikwa katika kompyuta, naye haoni kilichoandikwa. Babu yake alibeba maandishi asiyoweza kuyasoma. Yeye aweza kusoma, lakini haulizi. Tofauti ni kwamba babu hakuwa na sheria ya kumsaidia, na sisi tunayo, kama tutakavyoeleza mbele.

Sasa tuseme yanayofaa kutendwa.

Kwanza, jioni ile ile ya mahojiano, kabla hujasahau, andika katika daftari siku na saa, majina au vyeo vya waliokuhoji, maswali waliyouliza, majibu uliyotoa, na neno la mwisho walilokuambia. Andika hasa swali lolote lisilohusu kazi. Dada mmoja aliulizwa kama anatarajia kuzaa tena. Mwingine aliulizwa anasali wapi. Ndugu yetu wa stoo aliulizwa baba yake ni nani. Maswali kama hayo huyeyuka hewani yasipoandikwa, na baada ya mwezi mmoja kila mtu atasema hayakuulizwa.

Pili, kabla hujatoka chumbani uliza kwa upole, "Nitajulishwa lini?" Wakitaja siku, iandike. Wasipotaja, ngoja siku saba za kazi. Usipige simu kesho yake, wala usisimame langoni kumvizia meneja anapoingia na gari lake. Mwache atimize ahadi yake kwanza. Akishindwa kuitimiza, wewe utakuwa na neno.

Tatu, siku hizo zikipita, andika barua. Twasema barua, hatusemi ujumbe wa simu wa saa tano za usiku wenye hasira. Tumeonyeshwa ujumbe wa namna hiyo, na mwenyewe akaomba tumsaidie kuufuta. Haufutiki. Peleka barua kwa mkono, mpe karani wa mapokezi, mwombe atie sahihi na tarehe katika nakala yako kwamba imepokelewa. Kama maombi yako yalikwenda kwa barua pepe, jibu kwa njia ile ile na uweke nakala. Mtu asiye na nakala ana hadithi tu.

Nne, andika kwa lugha unayoimudu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, yasema Kiswahili ni lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Barua ya Kiswahili safi ina heshima kuliko barua ya Kiingereza kilichoazimwa kwa jirani.

Huu ndio mfano tunaowapa wanaofika afisini. Mtu aweza kuunakili na kujaza habari zake:

"Kwa Meneja wa Wafanya Kazi.

Bwana au Bibi,

Niliitwa katika mahojiano ya kazi ya msaidizi wa karani wa stoo, siku na saa zilizotajwa hapo juu. Nashukuru kwa kupewa nafasi hiyo. Niliambiwa nitajulishwa matokeo, na mpaka leo sijapata habari.

Naomba nijulishwe mambo matatu kwa maandishi. Kwanza, kama nafasi hiyo imekwisha kujazwa. Pili, kama sikufaulu, ni kitu gani kilichopungua, ikiwa ni katika vyeti vyangu, katika uzoefu wangu au katika majibu yangu, ili nipate kukirekebisha. Tatu, kama maombi yangu yatawekwa kwa ajili ya nafasi nyingine ya kazi hiyo, au kama yafaa niombe upya.

Nitashukuru nikipata jibu katika muda wa siku 14.

Wako mwaminifu."

Itazameni barua hiyo, ndugu. Haina tusi, haina machozi. Haitaji karo ya watoto wala kodi ya nyumba. Hayo ni kweli, na ni mazito, lakini meneja hawezi kuyajibu. Maswali matatu aweza kuyajibu, na akikataa kuyajibu, kukataa kwake kutaonekana. Kama zilipita siku 14 bila jibu, andika mara ya pili, maneno mafupi zaidi, ukitaja tarehe ya barua ya kwanza. Baada ya hapo usiandike tena peke yako. Leta nakala zote mbili chamani.

Tano, usitoe chai. Siku za kungoja ndizo siku ambazo mtu hutokea na kunong'ona kwamba faili lako limekwama, na kwamba shilingi elfu kadhaa zitalisogeza. Sheria ya hongo ya mwaka 2016 yamshika anayetoa na anayepokea. Na anayenunua kazi hununua pia bwana wa kumtawala, maana aliyepokea hongo leo atarudi kesho kutaka nyingine. Tena usimtume mjomba wala mheshimiwa fulani akakusemee. Ukiingia kwa mlango huo utakuwa umemfungia mwenzako asiye na mjomba.

Wengine watauliza, je, barua hizi zaleta nini? Zaleta mambo ya namna mbili, na yote mawili yana faida.

Namna ya kwanza ni kujua kosa lako. Dada mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alinyimwa kazi katika karakana moja. Alituambia wazi kwamba amenyimwa kwa sababu ni mwanamke, na sisi tulikuwa karibu kumwamini. Aliandika barua yake, na jibu likaja: kazi ilitaka cheti cha mtihani wa ufundi cha Gredi ya Pili, naye ana cha Gredi ya Tatu. Tukalitafuta tangazo lenyewe. Kweli, liliandikwa hivyo, kwa herufi ndogo chini. Basi dada yetu hakupoteza miezi akiwa na uchungu usio na mahali pa kwenda. Alijiandikisha kwa mtihani wa NITA, akaufanya. Kazi hajapata bado, hatutasema uwongo, lakini sasa ajua mlango uliofungwa ni upi na ufunguo wake ni upi.

Namna ya pili ni kujua kosa la mwajiri. Ndugu yetu wa stoo naye aliandika, japo alikuwa amechelewa. Baada ya siku tisa alipata jibu la mistari miwili, lenye mhuri wa kampuni. Lilisema kwamba hakuchaguliwa "kwa kukosa uzoefu wa kazi ya stoo."

Ndugu, lisomeni jibu hilo mara mbili. Mtu aliyefanya kazi ya stoo miaka minne, aliyepewa ufunguo, aliyeambiwa amfundishe aliyechukua nafasi, ameandikiwa kwamba hana uzoefu wa kazi ya stoo.

Jibu hilo lilimchoma sana ndugu yetu, akataka kulichana. Tulimzuia. Maana karatasi hiyo ilitufanya tuulize swali kubwa kuliko lile alilokuja nalo. Kama hana uzoefu, alikuwa akifanya nini pale kwa miaka minne? Kifungu cha 37 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 chasema kwamba kibarua akifanya kazi siku zinazofuatana ambazo jumla yake haipungui mwezi mmoja, au akifanya kazi ambayo haitarajiwi kumalizika kabla ya miezi mitatu kwa jumla, hahesabiwi tena kuwa mtu wa kulipwa kutwa. Huhesabiwa kuwa mtu wa mwezi. Basi tukamwomba alete kumbukumbu zake. Alikuwa na ujumbe wa malipo katika simu, mwezi baada ya mwezi. Alikuwa na vitabu vya stoo vyenye mwandiko wake, ambavyo mwajiri mwenyewe anavyo.

Ndugu yetu alikuja akidai kujua kwa nini hakupewa kazi ya kudumu. Kumbe huenda kisheria alikuwa nayo haki ya kuhesabiwa mtu wa mwezi tangu zamani. Tunapoandika haya jambo lake liko mbele ya Afisa wa Kazi, nasi hatutatangulia kusema litakwishaje. Lakini lisingefika huko bila barua moja yenye maswali matatu.

Sasa tuseme kwa ukweli sheria inatoa nini na haitoi nini, maana hatupendi kumpa mtu silaha isiyo na risasi. Hatuwezi kuwaambia kwamba kila mwajiri wa kampuni binafsi amelazimishwa kumwandikia sababu kila mtu aliyemkataa. Akinyamaza tu, kunyamaza peke yake hakumtii hatiani. Ndiyo maana twataka jambo hili liingie katika mapatano ya chama. Lakini yapo mambo ambayo sheria imeyakataza wazi.

Kifungu cha 5 cha Sheria ya Ajira chamkataza mwajiri kumbagua mfanya kazi, na pia mtu anayetafuta kazi, kwa ajili ya rangi, jinsia, lugha, dini, maoni ya siasa, uraia, kabila au asili, ulemavu, mimba, au hali yake ya ukimwi. Na jambo likifika mahakamani, mzigo wa kuthibitisha kwamba hakubagua ni wa mwajiri. Sasa mwaona kwa nini tumesema maswali yaandikwe jioni ile ile.

Sheria ya Mahusiano ya Kazi ya mwaka 2007 yakataza mtu anayetafuta kazi kubaguliwa kwa kuwa ni mwanachama wa chama cha wafanya kazi, na yakataza kumwekea sharti la kutojiunga. Ukiulizwa mezani, "Wewe ni mtu wa chama?", jibu kwa ukweli, kisha liandike swali hilo.

Sheria ya kulinda habari za watu ya mwaka 2019 yampa kila mtu haki ya kuuliza habari zake zilizowekwa na mwingine, na kutaka zilizo za uwongo zirekebishwe. Hiki ndicho babu mwenye kipande hakuwa nacho.

Kwa wale wanaoomba kazi za serikali, haki ni pana zaidi. Kifungu cha 232 cha Katiba chataka watu waajiriwe kwa ushindani wa haki na kwa kustahili. Sheria ya kupata habari ya mwaka 2016 yaruhusu maombi kwa Kiswahili au Kiingereza, na afisi ya umma yapaswa kujibu katika muda wa siku 21. Na mtu asiyeridhika na uamuzi wa bodi ya utumishi ya kaunti juu ya kuajiri aweza kukata rufani kwa Tume ya Utumishi wa Umma katika muda wa siku 90. Siku 90 huonekana nyingi, lakini anayengoja simu huzimaliza bila kujua.

Sasa tugeuke kwetu wenyewe. Wako wenzetu, tena watu wazuri, waliotuambia kwamba chama ni cha walio kazini na wanaolipa ada, na kwamba kuwasaidia wanaotafuta kazi ni kutawanya nguvu. Twawaheshimu, lakini hatukubaliani nao. Kibarua anayesimama langoni bila jibu ndiye fimbo ambayo mwajiri huitumia kutuchapa sisi tulio ndani. Tukidai nyongeza twaambiwa, "Nje wako mia wanaoitaka kazi yako kwa nusu ya bei." Watu mia hao wakiwa wanyonge, nasi tu wanyonge. Wakitendewa kwa haki, fimbo imevunjika. Tena ni nani kati yetu aliye na hakika kwamba mwaka ujao hatakuwa nje? Tumeona viwanda vikifunga milango, na watu wenye miaka ishirini ya kazi wakiketi tena mbele ya meza ya mahojiano, wakiulizwa wanajua nini.

Oktoba 1962 Serikali, waajiri na wafanya kazi wa Kenya walitia sahihi mkataba wa uhusiano mwema katika kazi, ambao ulikuwa na maana kwamba mambo yatamalizwa kwa kuzungumza mezani. Basi na hili liletwe mezani. Twapendekeza kwamba katika mapatano ya pamoja yajayo chama kidai mambo manne. Kila nafasi ibandikwe ubaoni siku 14 kabla ya mahojiano. Vibarua waliofanya kazi pale wahojiwe kabla ya watu wa nje. Mjumbe wa chama aruhusiwe kuketi kama mtazamaji, bila kura. Na kila aliyehojiwa ajibiwe kwa maandishi katika siku 14, na sababu itajwe.

Mpaka hapo, kila mjumbe wa chama aweke daftari kazini kwake. Aandike nani alihojiwa, lini, kwa nafasi gani, kama alijibiwa, na jibu lilisema nini. Malalamiko ya mtu mmoja husahaulika. Daftari lenye majina thelathini na safu tupu ya majibu halisahauliki, na katibu wetu atalichukua mkononi aingie nalo katika mkutano.

Na kwa wale wenzetu ambao wamepanda cheo na sasa huketi upande wa pili wa meza ile, twawaomba wakumbuke koti la kuazima. Weka simu yako mfukoni. Uliza habari za kazi. Usimwulize mtu habari za baba yake. Na kama hamtamwajiri, mwambieni. Mtu aliyeambiwa "hapana" leo aweza kwenda kutafuta pengine kesho. Anayeambiwa "tutakupigia simu" hufungwa kamba, naye hukaa karibu na simu yake akichelea hata kusafiri kwenda kumzika ndugu.

Kwa waajiri nao, kama gazeti hili litafika mezani kwao, na twajua hufika, twasema hivi: jibu la mistari mitano haligharimu kitu. Kimya ndicho chenye gharama, maana huzaa uvumi, na uvumi huzaa chuki, na chuki ikiingia kiwandani hata mashini huzijua habari zake.

Ndugu wanachama, mfano tuliouandika hapa umepigwa chapa na unapatikana bure katika dirisha la karani. Asiyejua kuandika aje, ataandikiwa. Aliye na barua iliyojibiwa alete nakala. Aliye na barua isiyojibiwa alete upesi zaidi. Na yule aliyehojiwa wiki hii, ambaye hata sasa anaitazama simu yake kila inapolia, aiweke chini kidogo, achukue kalamu.

Umoja ni nguvu.